TAZAMA JUU KABLA YA KUINUA KITU

Mazungumzo na waashi, wapigaji mabati, wakata miti, madereva na vijana wa kibarua



Nguzo za umeme zimefika mahali pengi ambapo zamani hazikuwako. Zinapita kando ya barabara, karibu na soko, nyuma ya shule, na mara nyingine juu ya kiwanja ambapo mtu anataka kujenga. Umeme ni jambo jema. Unasaga mahindi, unawasha taa za zahanati, unachaji simu zetu. Lakini pamoja na faida hiyo umekuja msiba ambao wengi wetu hatukufundishwa juu yake tulipokuwa watoto. Mtu anatoka asubuhi kwenda kibarua akiwa mzima, na jioni analetwa maiti, kwa sababu bati au nondo aliyoinua iligusa waya uliokuwa juu ya kichwa chake.

Leo tuzungumze juu ya msiba huo. Tunaomba kila msomaji ashike mambo matatu. La kwanza, tazama juu kabla ya kuinua kitu chochote kirefu. La pili, usimguse mtu aliyenaswa na umeme. La tatu, unayo haki ya kukataa kazi inayokuweka karibu na waya wenye umeme.

SOKO LA MATADI-KIBALA

Wengi wenu mliotoka Kongo mnakumbuka habari ya Jumatano, tarehe 2 Februari 2022. Katika soko la Matadi-Kibala, pembeni mwa mji wa Kinshasa, waya wa nguvu kubwa ulikatika ukaanguka chini. Mvua ilikuwa imenyesha na maji yalikuwa yamesimama kwenye mfereji. Watu 26 walikufa, na karibu wote walikuwa wanawake.

Fikirini jambo hili. Mama wale hawakupanda nguzo. Hawakuiba waya. Hawakuwa mafundi wa umeme. Walikuwa sokoni, wakiuza na kununua, kama mama zetu wanavyofanya hapa kila siku. Waya ulianguka penye maji, na maji yakaueneza umeme mpaka miguuni pao.

Hapo tunajifunza kwamba si lazima mtu aushike waya kwa mkono ndipo afe. Tena tunajifunza kwamba ardhi iliyo wazi chini ya nyaya kubwa si kiwanja cha bure. Imeachwa wazi kwa sababu. Usijenge kibanda hapo, usiweke meza ya biashara, usifungue karakana ya kuchomelea vyuma, wala usiruhusu watoto wapafanye uwanja wa mpira.

KWA NINI NDEGE HAFI?

Watoto huuliza swali hili, na ni swali zuri. Ndege anatua juu ya waya, anaimba, kisha anaruka. Mbona mtu akiugusa waya uleule anakufa?

Umeme hutafuta njia ya kufika ardhini. Ndege amesimama kwa miguu yote miwili juu ya waya mmoja tu. Hagusi ardhi, wala nguzo, wala waya wa pili. Kwa hiyo umeme haupati njia ya kupita mwilini mwake. Lakini wewe unasimama ardhini, au juu ya ngazi, au juu ya ukuta. Ukigusa waya kwa bati, wewe ndiwe njia. Umeme utapita mkononi, kifuani penye moyo, na miguuni, mpaka ardhini.

Tena mjue nguvu yenyewe. Hapa Uganda umeme wa nyumbani ni wa volti 240, na huo peke yake unatosha kuua. Nyaya zinazopita juu ya nguzo za mbao barabarani mara nyingi ni za volti 11,000 au 33,000. Zile za minara ya chuma ni za volti 132,000 na zaidi. Taa ya zamani ya wati 60 hutumia kama robo ya ampea moja. Moyo wa mtu unaweza kuvurugika kwa chini ya nusu ya umeme huo ukipita kifuani.

Watu wengi hudanganyika kwa kufikiri kwamba waya wa juu una ganda la plastiki kama ule wa nyumbani. Sivyo. Nyaya nyingi za juu ziko uchi kabisa. Weusi unaouona ni vumbi na uzee. Kinachotukinga ni hewa iliyo kati yetu na waya, pamoja na vile vikombe vya kauri au vya kioo vinavyoushikilia kwenye nguzo. Ukiipunguza hewa hiyo kwa kusogeza chuma karibu, umeme wa nguvu kubwa unaweza kuruka ukafika kwenye chuma hata kabla hakijagusa.

Msidanganyike na mbao pia. Mti mbichi unapitisha umeme. Mwanzi uliolowa unapitisha. Kamba iliyolowa inapitisha. Ndala za plastiki, buti za mvua na glavu za kufulia haziwezi kumkinga mtu na volti 11,000.

AJALI ZINAVYOTOKEA KAZINI

Tukichunguza ajali hizi tunaona kwamba nyingi zinafanana. Mtu ana kazi mikononi, macho yake yako chini au mbele, naye anasahau kilicho juu.

1. Nondo na mabati. Nondo nyingi za madukani zina urefu wa mita 12 hivi. Waya wa mtaani unaweza kuwa mita 6 tu kutoka ardhini. Kijana akiisimamisha nondo ili aigeuze, ncha yake imeshaupita waya. Bati nalo ni jepesi. Upepo ukivuma juu ya paa, unalipeka mahali ambapo hukutaka.

2. Ngazi na mabomba. Ngazi ya aluminiamu inabebwa ikiwa imesimama kwa sababu njia ni nyembamba. Wawili au watatu wameishika. Ikigusa waya, wote wanapigwa pamoja. Ndivyo ilivyo kwa mabomba ya kisima kirefu yanapovutwa kutoka ardhini, moja baada ya jingine. Ndivyo ilivyo pia kwa mlingoti wa redio au wa televisheni unapoinuliwa.

3. Malori na mashine. Lori la mchanga linainua sanduku lake ili limwage. Dereva anatazama mchanga nyuma, hatazami juu. Mashine ya kuchimba kisima inasimamisha mnara wake. Krini inageuza mkono wake. Chuma kikigusa waya, gari lote linakuwa na umeme, na aliyesimama chini akiwa ameshika mlango wa gari ndiye anayekufa.

4. Miti. Mkata kuni anaangusha mti kando ya barabara, nao unalalia waya. Au mtu amepanda mwembe, anachuma kwa mti mrefu wenye ndoano ya chuma. Matawi yakigusa waya, hasa baada ya mvua, mti wote unaweza kuwa na umeme.

5. Nyumba inayopanda. Mwenye nyumba anaanza na chumba kimoja chini ya waya, na waya uko mbali juu. Mwaka wa pili anaongeza ukuta. Mwaka wa tatu anaweka paa jipya. Waya haukushuka, bali nyumba ndiyo iliyoufuata.

Mkumbuke tena kwamba waya haunyooki sawasawa. Katikati ya nguzo mbili unalegea na kushuka, na siku ya joto kali unashuka zaidi. Ulipopimia jana asubuhi sipo utakapoukuta leo saa nane mchana.

KABLA YA KUANZA KAZI

Haya yafanyike kila asubuhi, hata kama jana mlifanya kazi mahali palepale.

Kwanza, zungukeni kiwanja chote mkitazama juu. Onyesheni kwa kidole kila waya mnaouona. Hesabuni kila waya kuwa una umeme. Hata kama taa za mji zimezimika tangu jana, hesabuni hivyo, maana umeme hauwapigi hodi unaporudi.

Pili, pimeni kwa hatua zenu. Kama kazi iko chini ya mita 10 kutoka mahali waya unapopita, msitumie ngazi ndefu, nondo, mabomba wala mashine ya kuinua mpaka mmezungumza na ofisi ya umeme. Na mtu yeyote, pamoja na chochote alichoshika, asikaribie waya wa nguzo za mbao kwa mita 3. Kwa nyaya za minara ya chuma, kaeni mbali zaidi, angalau mita 7.

Tatu, umeme uzimwe na wenye kazi yao. Mpaka Machi 2025 aliyegawa umeme sehemu kubwa ya Uganda alikuwa kampuni iliyoitwa Umeme. Tangu Aprili 2025 kazi hiyo imechukuliwa na UEDCL. Msimamizi wa ujenzi ndiye anayepaswa kwenda ofisini kwao kuomba waya uzimwe au uhamishwe. Kijana anayesema, "Mimi najua, nitapanda nizime," msimruhusu hata kidogo.

Nne, bebeni vitu virefu vikiwa vimelala, watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Nondo zikatwe kabla ya kuinuliwa. Mabati yainuliwe upande ulio mbali na waya.

Tano, lori likimwaga mchanga au mashine ikiinua mkono, mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kutazama waya na kupiga filimbi. Mtu huyo asimame mbali na gari, asiliguse.

Sita, mvua ikianza au radi zikisikika, shukeni kutoka paani. Bati lililobaki litapigwa kesho.

WAYA UKIANGUKA

Waya ulioanguka unaweza kulala kimya, bila cheche, bila moshi, kama kamba iliyotupwa. Msiuamini. Kwenye njia nyingi za umeme kuna chombo kinachokata umeme waya unapopata shida, kisha kinaurudisha chenyewe baada ya sekunde chache. Aliyeukaribia waya akidhani umekufa anaukuta umefufuka.

Kaeni mbali, angalau mita 10, na mbali zaidi kama ardhi imelowa. Wekeni watu pande zote kuwazuia wapita njia, bodaboda, watoto na mifugo. Pelekeni habari ofisi ya umeme, polisi na viongozi wenu wa RWC. Tajeni jina la mahali, na namba ya nguzo kama imeandikwa na inasomeka kutoka mbali.

Je, kama waya umeanguka nawe umeshakuwa karibu? Hapa sikilizeni vizuri. Umeme ukiingia ardhini unaenea kama mawimbi ya maji mtu anapotupa jiwe kisimani. Karibu na waya nguvu ni kubwa, mbali ni ndogo. Ukipiga hatua ndefu, mguu mmoja uko penye nguvu kubwa na mwingine penye nguvu ndogo. Umeme utapanda mguu huu na kushukia ule. Kwa sababu hiyo ng'ombe hufa upesi, maana miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana. Kwa hiyo usikimbie. Weka miguu yako pamoja, igusane, kisha jikokote kidogokidogo bila kuinua nyayo, mpaka uwe mbali.

Dereva, waya ukiligusa gari lako, kaa ndani. Waambie watu kwa sauti wasikaribie. Kama unaweza kuliondoa gari bila kuuvuta waya, liondoe. Kama huwezi, ngoja mpaka watu wa umeme waseme kwamba umezimwa. Utatoka tu kama gari linashika moto. Hapo usishuke kwa kukanyaga ngazi ya gari. Ruka kwa miguu miwili pamoja, usiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha jikokote kama tulivyosema.

MWENZAKO AKINASWA

Ndugu zangu, hapa ndipo msiba mmoja huzaa misiba miwili au mitatu. Kaka anamwona mdogo wake amenaswa, anakimbia kumkumbatia, naye ananaswa. Jirani anakuja kuwavuta wote, naye anaanguka. Hao hawakufa kwa ujinga wala kwa uoga. Walikufa kwa upendo. Lakini upendo huo haukumsaidia aliyenaswa, na uliwaachia watoto wengi zaidi uyatima.

Kwa hiyo, kama ni waya wa nguzo au wa mnara, usimguse. Usimvute kwa mti, wala kwa kamba, wala kwa nguo. Mbao kavu inayosaidia kwa umeme wa nyumbani haitoshi hapa. Piga kelele watu wasimame. Mtume mtu mwenye simu aite ofisi ya umeme. Ngoja mpaka waseme umezimwa. Kungoja huko ni kuchungu sana, lakini ndiyo njia pekee isiyoongeza maiti.

Umeme ukishazimwa kabisa, fanyeni haraka:

Mwiteni kwa sauti na mtazame kifua chake. Kama hapumui, au anakoroma tu kwa shida, mlazeni chali mahali pagumu. Weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu kiasi cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila ukibonyeza, kiache kifua kirudi juu. Aliyefundishwa ampulizie pumzi mara 2 kila baada ya kubonyeza mara 30. Asiyefundishwa abonyeze tu. Pokezaneni, msiache mpaka mganga afike au aanze kupumua. Wako watu waliorudi kwa njia hii.

Kama anapumua, mlazeni ubavu. Penye kuungua mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha funikeni kwa kitambaa safi. Msipake dawa ya meno, mafuta, yai wala udongo. Ukisikia mtu anasema afukiwe mchangani ili umeme utoke, mkatalie. Umeme haubaki mwilini. Kumfukia ni kupoteza zile dakika ambazo angeweza kuokolewa.

Na hata akisimama akasema, "Mimi mzima," apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Umeme huunguza ndani kuliko nje. Alama ya mkononi inaweza kuwa ndogo kama sarafu, kumbe nyama za ndani zimeungua, na moyo au mafigo yanaweza kushindwa baadaye.

HAKI YAKO KAZINI

Sasa tuseme jambo gumu. Tunajua kwamba wengi wenu mnapofika kwenye kazi za lejaleja, kapita ndiye mwenye neno. Wewe ni mkimbizi, nyumbani kuna watoto, na nje kuna vijana wengine kumi wanaoitaka nafasi yako. Wahenga walisema, mwenye njaa hana miiko. Kwa sababu hiyo mtu anaona waya, moyo unamwambia hapana, lakini anapanda.

Mjue kwamba sheria haikuwaacha. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huohuo 2006, inamtaka mwajiri kulinda maisha ya wafanyakazi wake, nayo inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari. Ipo pia sheria ya fidia kwa mfanyakazi aliyeumia kazini. Aliyeumia, au familia yake, aende kwa afisa wa kazi wa wilaya. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya kibarua, andika jina la mwajiri, mahali, tarehe, na majina ya wenzako. Daftari la shule linatosha.

Lakini kabla ya kufika kwa afisa, yapo maneno ambayo yanaweza kuokoa roho pale kiwanjani. Kidole kimoja hakivunji chawa, basi semeni mkiwa wengi, kwa heshima, kabla kazi haijaanza. Mnaweza kusema hivi:

"Kapita, tunataka kuifanya kazi hii. Lakini waya huu juu ya ukuta una umeme. Tunaomba uende UEDCL wauzime. Tukingoja, tutachanganya zege na kukata nondo upande ule."

Maneno hayo si uasi. Hayakatai kazi, yanaipanga upya. Kapita mwenye akili atayakubali, kwa maana mtu akifa kiwanjani, kazi itasimama na polisi watakuja. Na kama akikataa, akasema, "Asiyetaka aende," basi nendeni pamoja. Ujira wa siku moja unaweza kutafutwa tena kesho. Kama mnajua kwamba vijana wengine wataitwa mahali penu, waambieni kabla hawajapanda.

Nanyi mama, mna kazi yenu katika jambo hili. Kijana akitoka asubuhi, muulizeni: "Pale mnapojenga kuna waya?" Akisema upo, muulizeni: "Umezimwa?" Swali la mama linakumbukwa hata juu ya paa.

Tunawaomba msomee karatasi hii wale wasiojua kusoma: jirani, mzee wa block, kijana anayebeba mabati. Walimu, waonyesheni watoto waya ulio karibu na shule, mkiwa mbali nao, na muwafundishe kutourushia kamba wala vishada. Vikundi vya ujenzi, chagueni leo mmoja wenu ambaye kila asubuhi atazunguka kiwanja akitazama juu, na wengine wasianze kazi mpaka arudi.

Rudini nyumbani salama.